Gitaa la Chaneli ya Sita

Mama yangu ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli, na sisi tukampeleka kupimwa masikio.

Kila Jumapili tukirudi kutoka kanisani aliniuliza swali lile lile, akivua viatu mlangoni: "Na wewe ulikuwa unafanya nini pale mbele?" Namwambia, nilikuwa napiga gitaa, mama, hukuniona? "Kukuona nimekuona. Dramu nimezisikia, kinanda nimekisikia. Wewe sijakusikia."

Miezi saba. Mjomba, mdogo wake mama, ndiye anayekaa kwenye mashine ya sauti kule nyuma ya kanisa. Aliniambia pembeni kwamba dada yake umri umeanza kumshika masikio, nisibishane naye. Nikaamini. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti, na kitu hata nikikiona kimenyooka lazima nikipime kwanza. Hiki sikukipima.

Daktari wa masikio alimvalisha vipokea sauti, akamwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio. Mama alinyoosha mkono mpaka daktari akamwomba ampunguzie kasi, anashindwa kuandika. "Mama huyu anasikia kuliko wewe," akaniambia. Mama akachukua mkoba wake. Njia nzima alitembea hatua tatu mbele yangu.

Nianze na bendi yetu. Tunapiga roki ya kumsifu Mungu, na wapo wanaosema hayo mawili hayapikiki chungu kimoja. Shauri yao. Mimi Mungu alinikuta karakanani, katikati ya cheche na kelele za chuma, na hakuniambia nipunguze sauti. Kamati ya kanisa ilitukubalia kwa sharti moja: hakuna kuleta amplifaya jukwaani. Kila chombo kipite kwa mjomba, na sisi tujisikie kwa vispika vidogo vya masikioni. Tukaona si neno.

Jumamosi, siku ya mazoezi, nikaungaunga waya mpaka ukafika mita ishirini. Nikashuka jukwaani na gitaa langu, nikaenda kukaa benchi la tatu, mahali pa mama. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Masikioni mlikuwa na ngurumo tamu kabisa. Nikavitoa vile vispika. Kilichobaki ni nyuzi tupu, kama kuku anayeparura bati.

Nikaenda nyuma. Kwenye mashine, chaneli ya sita, ile ya gitaa langu, kitufe cha sauti kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho na kubandikwa utepe wa karatasi juu yake. Mwandiko ni wa mjomba: *Isiguswe.*

"Kamati ilisema ama hivyo, ama bendi isiwepo," akasema mjomba, macho chini. "Masikioni mwako nilikuachia. Nilikuwa nakusitiri, mwanangu."

"Unanisitiri na nani? Na Mungu?"

Nikakumbuka jinsi mwenyekiti wa kamati alivyonishika mkono mwezi uliopita, akasema tumekomaa, siku hizi gitaa linaheshimu ibada. Siku ile niliwanunulia bendi nzima soda kwa furaha. Kuzimwa kuliniuma, lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshukuru.

Na kulikuwa na ule wimbo. Niliutunga baba alipofariki. Sehemu ya katikati haina maneno kwa sababu sikuwa nayo. Gitaa peke yake ndilo linasema. Nilidhani mama anausikia kila Jumapili. Kumbe mjane wa watu alikuwa anakaa pale anasikiliza dramu zikisubiri.

Nikamweleza mpiga dramu wetu. Ni seremala, tunamwita Nyundo. "Nikileta amplifaya yangu kesho, tunafukuzwa wote," nikamwambia.

"Ni nzito? Nije tubebe?"

Jumapili tukaifikisha kwa toroli la mbao. Tukaiweka katikati ya jukwaa, ikitazama mabenchi. Mwenyekiti akaja na tabasamu la mbele za watu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Amplifaya."

"Tulikubaliana."

"Kunizima mlikubaliana ninyi na mjomba. Mimi sikuwepo."

Tabasamu likabaki, sauti ikashuka. "Ukiiwasha, bendi yenu inaishia leo."

Nikainama, nikaiwasha.

Tulianza ule wimbo wa baba taratibu, na beti mbili za kwanza zikapita salama. Tulipofika katikati nikakanyaga pedali ya mkwaruzo, ile inayofanya gitaa lingurume, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Mzee mmoja akaziba masikio. Bibi mmoja wa kwaya akasimama, sikujua kama ni kutoka au kucheza, na nadhani hata yeye hakujua. Mimi nilikuwa nalia na sikujali anayeniona. Mwenyekiti akainua mkono kuelekea nyuma, akaonyesha ishara ya kukata. Swichi ya umeme wa jukwaa iko pale pale kando ya goti la mjomba.

Mama akageuka kwenye benchi, polepole, akamtazama mdogo wake.

Mjomba akaikalia mikono yake yote miwili. Tukamaliza wimbo.

Barua tulipewa getini. Ilionekana imechapwa zamani, tarehe tu ndiyo iliyoandikwa kwa mkono siku ile. Tumesimamishwa, na anayetaka kurudi atie sahihi kwamba atapiga kwa utaratibu wa zamani. Nyundo akaisoma, akauliza kama nina kalamu, nikasema sina. Kalamu ilikuwa mfukoni. Barua sasa iko karakanani kando ya bei za mageti, nimeibandika kwa utepe ule ule niliobandua kwenye chaneli ya sita. Jumapili hizi tunapigia hapo, mlango wazi.

Lakini siku ile, tulipofika nyumbani, mama alivua viatu mlangoni na hakuuliza kitu. Ikabidi niulize mimi.

"Mama, leo umenisikia?"

"Nimekusikia." Akapanga viatu ukutani, kimoja kando ya kingine. "Baba yako angekaa mbele kabisa. Ila ulikosea mara mbili."

Nilikuwa na hesabu yangu. "Nilikosea mara tatu, mama."

"Najua," akasema. "Ya tatu nilikusitiri."