Kidole Ambacho Hawakukipima

Nilivua kiatu cha kulia mbele ya hakimu. Karani akaacha kuandika. Askari wa mlangoni akasogea hatua moja. Nadhani alidhani nataka kumrushia mtu. Nikauinua mguu, na vumbi lake lote la kuja mjini, nikautua juu ya kiti.

"Kidole hiki hamkukipima," nikasema.

Chumba kilinuka rangi mpya na jasho. Kwenye benchi la washtakiwa alikaa kaka yangu, mchonga mizinga ya nyuki, miezi mitano mahabusu, mikono imelala mapajani kama vyombo vilivyokosa kazi. Hakuutazama mguu wangu. Alinitazama usoni, na nikaona bora angeutazama mguu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, bwana mmoja wa kampuni ya mbao alikuja kwetu msituni na gari limejaa sabuni. Tulimwita Bwana Kola, maana shati lake lilifungwa mpaka kooni hata jua likiwa la utosi. Alitaka orodha ya watu waliohudhuria mkutano wake: kila mtu dole gumba, kila dole mche wa sabuni. Mimi nilifika darasa la nne, kwa hiyo kwetu nilikuwa kama profesa. Akanipa karatasi zenye mistari, huku jina, huku dole, nizungushe nyumba kwa nyumba. Ukurasa wa mbele, alisema, bado uko kwa mpiga chapa.

Kaka alikuwa anakomba mzinga kwa tezo. Hakuinua kichwa.

"Dada, karatasi hii kichwa chake kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Basi kikija, na mimi nitakuja."

Mkaidi tangu utotoni! Nguo za watoto sita zinamngoja mkewe, yeye anauliza kichwa cha karatasi. Na nusu ya watu walikuwa mbali, wanarina asali. Nikaona wote hao watakosa sabuni kwa sababu miguu yao iko mbali, ilhali vidole vyangu viko karibu. Nikakaa kitako jikoni nikaanza: huyu kidole cha shahada, yule cha kati, yule kidogo cha kushoto. Kumi vikaisha. Nikacheka peke yangu, nikavua kiatu. Kidole gumba cha mguu nikampa kaka, kwa kuwa ni kipana na kigumu kama yeye.

Mstari mmoja ukabaki, na wino ukabaki. Nikamwandika mama. Mama alikuwa na miaka tisa kaburini, chini ya miti ng'ambo ya kijito, pamoja na wazee wetu wote. Kidole kilekile, pwaa! Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama alipenda sana sabuni.

Ukurasa wa mbele ulikuja na matingatinga. Ulisema sisi wote tuliotia dole tumeridhia kuhama, na msitu ukatwe. Kaka akalala chali mbele ya tingatinga la kwanza, wakamwinua wanne, wakamshtaki kwa kuzuia kazi kwenye ardhi aliyoiachia mwenyewe. Dole lake si lilikuwepo?

Dawa ya jambo lile niliijua siku ileile, na kwa miezi mitano sikuitoa. Sikuogopa jela. Nilimwogopa wifi yangu, aliyenitengea chakula kila jioni na kuniuliza, "Hivi, wifi, mume wangu kweli aliweka dole?" Nami natafuna. Mezani sabuni ya kaka inapungua, ya mama iko juu ya kabati, sikuweza kuigusa. Na huko nje injini zinasogea, mti kwa mti, kuelekea kijito.

Siku ya kesi nikamwambia wakili wetu, binti mwenye sauti ndogo, aniite kizimbani. Nikasema madole yale niliyatia mimi. Wakili wa kampuni akatabasamu. Wakanipaka wino vidole kumi, mtaalamu wao akavilinganisha kwa kioo na dole lililo kwenye jina la kaka, hilo tu: hakuna kilichofanana. Dole la kaka mwenyewe halikusaidia kitu, tezo lilikwishalikwangua zamani likabaki kovu tupu.

"Mama huyu anampenda ndugu yake," wakili akasema. "Mapenzi si ushahidi."

Ndipo nikavua kiatu.

Mtaalamu akapiga magoti na kisponji chake cha wino. "Pole, mwanangu," nikamwambia, "ningejua ningeunawa." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alilinganisha, akashuka na kidole mpaka mstari wa mwisho.

"Na huyu mwenye alama hiyohiyo ni nani?"

"Mama yangu, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Ng'ambo ya kijito. Alikuwepo mpaka wiki iliyopita, walipofika na mashine."

Hakimu akaifunga ile orodha.

Karatasi ikafutwa, matingatinga yakaondoka. Kaka akatokea mlango wa mbele, mimi wa nyuma: miezi minne kwa kughushi. Halali yangu. Hakuja kunitazama hata mara moja.

Niliporudi nilimkuta uani, meza mbele yake na watu wamejipanga foleni. Juu ya meza kulikuwa na karatasi yenye kichwa kikubwa, maombi ya kuandikisha msitu uliobaki kwa jina letu sote. Walikuja wenyewe, hata warina asali. Nikasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Nilipofika nikaisoma yote, neno kwa neno, na hakuna aliyenihimiza.

Chini ya jina la kaka palikuwa na mstari mtupu. Jina langu lilifuata.

"Huu wa nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wa mama. Uache hivyohivyo."

Akanisogezea wino. Midomo yake ikacheza kidogo, kama utotoni alipotaka kunitania.

"Mkono, dada. Viatu baki navyo."

Nikatia dole chini ya mstari ule mtupu, polepole, wino usiuguse.