Maji Baridi

Tangi la samaki la mume wangu bado liko sebuleni kwetu Lodwar, na bado lina samaki. Ni wakavu. Hutoka Longech, kwetu, wamekaushwa juani, nami huwapanga ndani ya kile kioo hadi juu. Levis hupita hapo kila asubuhi akitafuta soksi zake na hasemi neno. Athubutu!

Miaka miwili iliyopita lilikuwa na maji ya chumvi. Levis ni mtu wa Bungoma, aliyeletwa Turkana na kazi ya serikali. Aliliona tangi kama hilo kwenye hoteli Mombasa alikokwenda semina, akarudi na wazimu. Kuishi karibu na ziwa zima hakukumtosha. Aliagiza kutoka huko mawe, mchanga, konokono, samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na chumvi ya pakiti ya kukorogea maji. Samaki aliwapa majina. Mimi aliniita "wewe."

Ndipo mama yangu, Namuar, akaja kutoka Longech. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na madaktari wa macho walitarajiwa hospitalini Jumatatu, kwa juma moja tu. Alikuwa bado anaona mwanga na kivuli cha mtu. Alileta fungu la samaki wakavu, maana mwana wa watu haendi kwa bintiye mikono mitupu. Nikamtandikia sebuleni, kando ya tangi.

Harufu ilianza siku ya pili. Yai viza, ndiyo ilivyonuka. Levis alisimama mlangoni, akakunja pua, akawatazama wale samaki wakavu, kisha akamtazama mama.

"Hii nyumba inanuka," alisema.

Niliwatoa samaki nje, harufu ikabaki. Nikamwaga dawa kwenye bomba la choo, nikaanika zulia, nikaosha mapazia. Ikabaki. Jioni moja Levis alichukua kopo la manukato ya chooni akapuliza kuzunguka godoro la mama, naye mama ameketi palepale juu yake. Mama alipangusa uso kwa shuka.

Asubuhi mama alimpigia simu kaka yangu Lopeyok aje amchukue, wakaenda kwake Kakuma. Nilimwambia Levis maneno ambayo sitayarudia, kwa kuwa mimi ni mwanamke wa kanisani. Yeye alinijibu kwamba kwao mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, kwa hiyo mambo yamejinyoosha yenyewe.

Mama akaondoka, harufu isiondoke. Ikazidi. Jumapili, Levis akiwa kanisani, nilipandisha mikono ya gauni nikaenda kulinusa tangi. Nilinusa sifongo ya pampu, haikuwa mbaya. Nikanusa maji juu juu. Nikainua jiwe moja, na ile harufu ikanipiga usoni. Chini yake konokono walikuwa wamekufa wote, wamelegea ndani ya magamba yao, na mchanga ulikuwa umegeuka mweusi. Ukingo wa kioo ulikuwa umeganda chumvi nyeupe. Nikampigia simu muuzaji wa Mombasa.

"Mwayajaza na nini yakipungua?" aliuliza.

Nilimweleza. Joto la Lodwar lilikunywa yale maji kama ng'ombe, na kila jioni Levis alikoroga mengine ya chumvi, akayatia kwenye chupa, akayapoza kwenye friji hadi yakaanza kuganda, akamimina.

"Yaa Rabbi! Mimi nilimwambia atie maji baridi!"

"Si ndiyo hayo? Yana barafu kabisa."

"Bibi, maji baridi ni maji yasiyo chumvi. Ya mfereji, ya mvua. Maji hupaa, chumvi haipai. Mumeo amewatia wale viumbe kwenye achari."

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Lodwar nzima ukiomba maji baridi unapewa chupa inayotoka jasho. Levis alipotoka kanisani alikuta konokono wake kwenye sahani yake ya chakula, na kifuniko juu.

Nikampigia mama. Nilimwambia arudi, kesho madaktari wanaanza.

"Mume wako alisema mimi nanuka," mama alisema. "Aje aninuse mwenyewe."

Levis alitikisa kichwa. Kwao hata kumshika mkono mama mkwe ni mwiko. Jumatatu alisema atafikiri. Jumanne alikuwa na mkutano. Nilimsihi, nikamtukana, nikamnyima chakula. Lopeyok alijaribu kumbeba mama kwa nguvu akapigwa fimbo. Ijumaa madaktari walifunga masanduku yao wakaenda. Jumamosi Levis akavaa shati safi, akasema twende.

Mama alikuwa ameketi mlangoni kwa Lopeyok, mgongo umeegemea nguzo.

"Ejok, mama," Levis alimsalimu Kiturkana. "Nimekuja kuomba msamaha. Haikuwa wewe. Ilikuwa maji."

"Maji mimi sijui." Mama alinyoosha mkono. "Kuja. Nusa."

Levis alinitazama. Sikumsaidia. Alipiga magoti kwenye vumbi, majirani wakitazama, akaweka pua yake juu ya mkono wa mama yangu.

"Inanuka nini?"

"Moshi," alisema. "Moshi na maziwa."

"Si samaki?"

"Si samaki, mama."

Mama aliinua uso amtafute, akageukia upande asikokuwa, kwenye nguzo ya pili ya mlango.

"Mimi nilitaka kuona macho yako ukisema hiyo," aliiambia nguzo. "Lakini daktari ameenda."