Mgeni Mmoja wa Ziada

Fearchar hakupanda kwenye gari la vitabu siku hiyo. Alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi, upepo ukimchezea nywele chache alizobaki nazo, na Ealasaid akajua papo hapo kwamba kamati imefanya upumbavu fulani na yeye ndiye aliyetumwa kuuleta.

"Panda, mvua itakulowesha."

"Hapa panatosha, dada. Nina neno moja tu."

"Neno moja halimtoi mtu kwa ng'ombe wake asubuhi yote hii. Litapike."

Akalitapika. Kamati ya ukumbi imekaa, na yeye kama mwenyekiti anatoa taarifa: mwaka huu, usiku wa Samhna, sikukuu ya kuingia majira ya baridi, hakutakuwa na hadithi ya mgeni wa ziada. Watoto watachonga maboga yenye kucheka, wataimba, watapewa peremende na kurudi makwao wakiwa na furaha.

"Maboga," Ealasaid akarudia. "Tangu lini boga likaota kisiwani Uist?"

"Yatakuja na feri."

"Yaje. Na mimi nitasimulia."

"Utasimulia wapi? Ufunguo wa ukumbi ninao mimi."

Ealasaid Currie alikuwa na miaka hamsini na nane, na nusu ya hiyo alikuwa ameimaliza nyuma ya usukani wa gari lile, akizunguka kisiwa kuazimisha vitabu kutoka lango hadi lango. Alijua jambo ambalo kamati ilijifanya kutolijua. Nchi nyingine vuli ni majani kupukutika. Uist hakuna miti ya kupukutisha kitu, vuli yake ni upepo, giza la saa kumi na moja jioni, na bahari kuguta nyuma ya nyumba. Na giza hilo likiingia tu, rafu ya mizimu ndiyo ilikuwa ya kwanza kubaki tupu. Watoto walivichukua vitabu hivyo wazi wazi, wakivigombania. Watu wazima walivichukua kwa kuiba macho, wakivifunika na gazeti la wafugaji.

"Na kile cha nyumba yenye ngazi za damu," akamwuliza, "utakirudisha lini?"

Fearchar akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilimchukulia mjukuu wangu."

"Mjukuu wako hajaota hata jino!"

Fearchar hakucheka. Akaizungusha kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Ealasaid, si sisi. Ni Ciorstaidh aliyeomba."

Mwezi wa tatu, mume wa Ciorstaidh, Ruairidh, alikwenda kutazama mitego yake ya kaa, na mashua ikakutwa ikielea bila mtu. Walimtafuta mpaka wakachoka. Hakuonekana, na hakuna kaburi. Alimwacha Ciorstaidh na binti wa miaka kumi na mmoja, Beathag.

"Mtoto anaacha mlango wazi," Fearchar akaendelea. "Kila jioni. Mama yake akiufunga, yeye anaamka kuufungua. Anasema baba anaweza kuja, kama yule mgeni wa hadithi yako. Sasa wewe ungekuwa mimi ungewaambia nini kamati?"

"Ningewaambia mtoto ana nusu ya hadithi!" Ealasaid akapiga ngumi kwenye meza ya kugongea mihuri. "Mwisho hakuusikia. Wewe unaujua, Fearchar, tangu ulipokuwa na meno yako mwenyewe. Mbona hukusema?"

"Nimwambie nini mjane? Mwisho hausimuliwi barabarani."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuudhi zaidi.

Usiku wa Samhna watu wa kule hujivika ngozi za kondoo, manyoya nje, uso wamefunika, wakaingia nyumba kwa nyumba bila kutamka neno. Mwenye nyumba hubahatisha nani ni nani. Aliyetajwa jina hufunua uso, akapewa kiti na kikombe. Usiku huo mlango haufungwi na mgeni wa ngozi hafukuzwi. Hadithi yenyewe ni ya kundi la wageni kama hao waliotoka nyumba moja, na walipofika ya pili wakakutwa wamezidi mmoja. Wote wakatajwa, wakavua, akabaki yule mmoja asiyejulikana, na maji yanamdondoka kwenye ngozi ingawa nje hakuna mvua. Hapo wadogo hupelekwa jikoni wakapewa mkate na jamu. Mwisho ni wa waliotimiza miaka kumi, nao husimuliwa usiku huo tu, moto ukiwaka.

Mwaka uliopita Beathag alikuwa ametimiza. Alikuwa amejigamba wiki nzima. Lakini maji yalipoanza kudondoka alipiga ukelele, akamrukia baba yake, na Ruairidh akambeba kwenda naye nyumbani huku akicheka, akimwahidi kwamba mwakani watausikia mwisho pamoja. Mama yake alitoka bara, mji wa Inverness, kuja kuolewa, hakukulia na desturi hizi, na hadithi ile aliijua vile binti yake alivyomletea: mlango wazi, mtu aliyelowa, basi.

Gari lilipofika langoni kwa Ciorstaidh, Ealasaid alikuwa amepanga vitabu vya mizimu vilivyosalia kwenye kioo cha ubavuni, majalada yakitazama nje, mafuvu na majumba na mwezi. Ciorstaidh akatoka na Beathag nyuma yake. Mama alikuwa amekonda. Aliviona vitabu, midomo ikamkaza.

"Unanifanyia makusudi."

"Ndiyo. Ijumaa, usiku wa Samhna, nitasimulia nyumbani kwangu. Njoo na mtoto, mkae karibu na moto, msikie yote."

"Unataka nimlete mwanangu asikilize habari za maiti zinazotembea? Kwako wewe ni mchezo. Huna mume, Ealasaid. Huna mtoto. Una hadithi tu."

Maneno yale yalimchoma. Akatafuta jibu kali na akalipata, kisha akamtazama yule mwanamke alivyokonda, akaliacha.

"Ni kweli, nina hadithi tu," akasema. "Na mlango wangu Ijumaa uko wazi."

"Shangazi," Beathag akauliza kutoka nyuma ya mama yake, akimwita kama walivyomwita watoto wote wa kisiwa, "yule mgeni alikuwa anataka nini?"

"Beathag! Ndani!"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Ealasaid. Akalimeza. Si kwa ajili ya desturi tu; jibu lile lilitaka moto, na watu, na mkono wa mtu wa kushika. Kumrushia mtoto kupitia dirisha la gari, mama yake akiwa amefura hivyo, kungekuwa kumpa kipande kingine cha kumnyima usingizi. Mtoto akaingia ndani akigeuka nyuma mara kwa mara, na mlango akauacha wazi.

Siku zilizobaki Ealasaid hakuwa na raha. Huenda anakosea. Huenda mtoto akisikia atavunjika vibaya zaidi, na kisiwa kizima kitamnyooshea yeye kidole, kwa haki. Lakini kila alipofikiria yale maboga ya feri na vicheko vyao vya kuchongwa, hasira ilimrudia, nayo ilimsaidia. Watoto wa Uist walikuwa wanaijua bahari. Kuwaambia kwamba hakuna cha kuogopa ilikuwa ni kuwadanganya, na wao walijua ni uongo, na ndiyo maana walivigombania vile vitabu. Ndani ya kitabu angalau mtu mzima alikuwa amekiri kwamba cha kuogopa kipo.

Ijumaa jioni akawasha moto wa mabonge ya mboji kavu, akaufungua mlango mpaka mwisho, akaweka kigogo usijirudishe.

Ng'ambo ya barabara ukumbi ulikuwa unawaka taa. Nyimbo zikasikika kidogo, zikafifia. Kisha wakaanza kuingia kwake, mmoja mmoja, wawili wawili, wamejivika ngozi, kimya, wakijipanga ukutani kama desturi inavyotaka. Walikuwa wengi kuliko mwaka wowote.

"Wewe wa mwisho pale," Ealasaid akasema, "kifua kinapiga filimbi. Fearchar, vua."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akafunua uso, jasho likimtiririka. "Nimekuja kuangalia usalama," akasema.

"Kaa basi uuangalie ukiwa na kikombe."

Wa ngozi ya kondoo iliyomfika vidoleni alikuwa Beathag, viatu vilimsaliti.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Anajua niko ukumbini."

Ealasaid akasita. Kisha akamvutia stuli karibu na goti lake. Mgeni wa ngozi hafukuzwi. Kama kuna lawama, ataibeba yeye.

Akaanza. Alisimulia taratibu, na watu waliokuwa wanaijua hadithi ile tangu utotoni wakajikunyata upya. Alipofika kwenye nyumba ya pili, mgeni mmoja zaidi akaingia mlangoni.

Alivaa ngozi nyeupe yenye baka jeusi bega la kushoto. Hakuna mtu mle ndani asiyeijua. Miaka yote ilikuwa ya Ruairidh. Nje mvua ilikuwa imeanza, na maji yalikuwa yanachuruzika kwenye manyoya yale, yanadondoka sakafuni, na kila tone lilisikika.

Mtu mmoja akasema "Mungu wangu." Kikombe cha Fearchar kikagongana na kisahani chake. Beathag hakupiga ukelele safari hii. Aliushika mkono wa Ealasaid kwa nguvu zake zote, na Ealasaid akajua kwamba akikatisha hapa, mtoto huyu atabaki na nusu ya hadithi maisha yake yote.

Basi hakukatisha. Aliinua sauti.

"Wengine walitaka kukimbia. Mwenye nyumba alikataa. Alichukua taa, akamsogelea yule mgeni, akamwangalia vizuri, na akamtaja jina. Akataja lake, na la baba yake, na la babu yake, bila kuruka hata moja. Hakuna aliyekuwa amethubutu kulitaja tangu bahari imchukue. Mgeni akakaa. Akapewa kikombe chake, akaota moto mpaka nguo zikamkauka. Alikuwa hataki kumchukua mtu. Alitaka kutajwa, aketi na wenzake, kisha aagwe. Wakamuaga. Akatoka, na mwenye nyumba akafunga mlango nyuma yake. Hakurudi tena, kwa sababu hakubakiwa na la kurudia."

Moto ukalia. Beathag akauachia mkono wa Ealasaid, akainuka, akaenda mpaka kwa mgeni wa mlangoni.

"Ruairidh," akasema. "Ruairidh wa Iain wa Eòghann. Baba yangu. Amekufa baharini." Kisha akaishika mikono iliyotokeza kwenye ngozi, akaigeuza kwenye mwanga. "Na hii ni mikono ya mama."

Ciorstaidh akafunua uso. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Nilikuja kumtoa," akamwambia Ealasaid. "Ukumbini sikumkuta, nikajua yuko hapa, na nilijua nikija hivi hivi mtanizuia kwa maneno. Ngozi iliyokuwa ndani ni hii peke yake. Nikafika mlangoni, nikasikia unasimulia, na nikataka kujua." Akajifuta pua kwa manyoya. "Nikataka kujua alikuwa anataka nini."

Ealasaid aliinuka. Alimvutia kiti karibu na moto, akamtilia chai nzito na sukari nyingi, kama anavyofanyiwa kila aliyetajwa jina, na Ciorstaidh akakaa, mvuke ukimpanda kutoka kwenye ngozi ya mumewe. Akaanza kulia tena, kwa sauti sasa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Upepo ukapiga, mvua ikaingia mpaka katikati ya chumba. Beathag akaenda mlangoni. Alisimama pale akitazama giza na mahali ambapo bahari ilikuwa inaguta. Kisha akakipiga kigogo teke, akausukuma mlango, akatia komeo.

"Wewe mtoto," Fearchar akashtuka, "usiku wa Samhna mlango haufungwi! Haujafungwa tangu enzi za babu zetu!"

"Mimi nimeufunga," Beathag akamjibu. "Anayetaka kuingia atabisha hodi."

Akarudi, akajibana kwenye kiti kimoja na mama yake, akavuta kipande cha ngozi kujifunika miguu.

"Haya, shangazi," akasema. "Anza upya. Na ukifika pale pa maji, usipunguze."