Gari la Verdiane Limepatikana

Verdiane alikuwa ngazini kwake, mtaa wa Auburn huko ughaibuni, anafunga kamba za viatu vya kazi, simu ameibana begani. Askari aliyempigia kuuliza habari za gari lake alimweleza kwa upole kwamba wizi wa magari eneo hilo umepungua mwaka huu.

"Langu halijapungua," alisema Verdiane. "Limeondoka."

Wezi waliingia juzi usiku kwa dirisha la jikoni, wakaacha televisheni, wakachukua ufunguo wa gari mezani. Sasa afikeje Toongabbie kwa mzee Bruno anayemhudumia, ambaye hatoki kitandani mpaka yeye amwinue? Jana treni zilimchelewesha. Meneja wake wa kazi alimwonya: akichelewa tena, mzee atapewa mtu mwingine.

Alipokata tu, simu ikalia. Jokha, jirani yake kutoka Tanga, alikuwa anapiga kelele.

"Shoga, nimeliona! Lidcombe, nyuma ya bekari! Viti vina kile kitenge cha kwaya yenu!"

Kwaya ya Warundi ilikuwa na desturi yake: sare zikishashonwa, mabaki ya kitambaa huvalishwa viti vya magari ya waimbaji.

"Usiondoke hapo, dada!"

"Niende wapi? Nimelisimamia kama askari."

Verdiane aliwapigia polisi. Walimwambia asubiri, asiliguse, doria itakuja ikipata nafasi. Alichukua ufunguo wa akiba, akakimbilia treni.

Alimkuta Jokha kasimama mbele ya boneti na aproni yake ya buchani.

"Mbona unahema hivyo? Watu watadhani mwizi ni wewe."

Walicheka, wakasubiri. Malori ya mikate yalitoka, mengine yakaingia. Doria haikuja. Verdiane aliitazama saa ya simu. Mzee alikuwa bado kalala, anatazama dari.

"Gari lako, ufunguo wako," alisema Jokha. "Unangoja kadi ya mwaliko?"

Gari liliwaka mara moja. Verdiane alipiga kelele ya furaha, akaanza wimbo wa kwaya. Jokha, Mwislamu asiyejua hata ubeti mmoja, alipiga makofi. Walikuwa wanakaribia Parramatta, njiani kwenda kwa mzee, king'ora kilipolia. Kamera ya polisi ilikuwa imesoma namba za gari la wizi. Magari mawili ya polisi yakawabana.

"Alaa," alisema Jokha, mikono juu. "Kumbe wapo!"

Askari kijana alikagua leseni, akapiga simu, akatabasamu. Mambo yalikuwa sawa, ila gari lingevutwa kwenda kupimwa alama za vidole. Hadi lini? Hakujua.

"Kuna mzee ananingoja kitandani."

"Pole sana, bibi."

Alikuwa anaandika kwenye kompyuta yake ndogo. Verdiane alichungulia, akasoma kwa sauti: limepatikana na doria ya polisi.

Alirudi garini, akafunga mkanda.

"Bibi, tafadhali shuka."

"Andika aliyelipata."

"Ni utaratibu tu."

"Na mimi huu ndio utaratibu wangu."

Jokha alizunguka, akaingia upande wa pili, akafunga mlango. Dereva wa breakdown iliyofika kulivuta, mnyororo mkononi, alisema havuti gari lenye watu. Foleni ya magari ilirefuka nyuma yao, honi zikaanza.

Askari alifuta mstari.

"Jina la aliyelipata?"

"Jokha Masoud," alisema Verdiane. "Mkata nyama wa bucha, Auburn."

Simu yake ilikuwa inaita. Ni meneja. Aliiacha iite mpaka ikanyamaza, macho yake kwenye vidole vya askari.