Maua ya Ayuma

Miaka ile sukari ilipotupanda kichwani, watu wa Khwisero walilima miwa mpaka mlangoni. Sitii chumvi, nasema mpaka mlangoni. Ukifungua dirisha, jani la muwa linakuchoma jicho. Mihogo iling'olewa, mboga zikang'olewa, na Hezekiah, mume wa Nabwire, akang'oa hata mipera ya kona ya chini, alikolala binti yao Ayuma aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne. Mpimaji wa kampuni alikuwa amesema shamba limepungua kidogo tu kufikia kipimo cha mkataba, na Hezekiah hakutaka kuukosa kwa ajili ya kona. Alimwapia mkewe kwamba trekta lilizunguka kaburi, jiwe lake halikuguswa.

Nabwire aliamini. Jiwe si alikuwa akiliona kwa macho yake, katikati ya mistari miwili ya miwa? Kila Jumapili alilipigia magoti.

Mwaka wa tatu wa kifo ulipotimia, akataka maua. Si majani ya kuokoteza njiani, maua hasa. Ng'ambo ya mto alikuwepo bibi mmoja mkaidi aliyekataa miwa katakata, kukhu Musimbi, na shamba lake lote lilikuwa dalia na mayungiyungi. Kwake unakwenda na ndoo yako na kisu chako, unalipa langoni, unajikatia. Nabwire alifika umande haujakauka.

"Ya harusi au ya msiba?" Musimbi akauliza.

"Ya kaburi, kukhu. La mtoto."

Bibi akaacha utani wake. "Basi yaache yaliyofumba, hayo ni ya bibi harusi. Kata yaliyofunguka. Shina likate mshazari, linywe vizuri. Majani ya chini yatoe yote, yakiozea majini yataua ua. Halafu tia sukari kijiko kimoja."

"Sukari tena?" Nabwire akacheka bila kutaka.

"Tena hiyo hiyo. Angalau ifanye kazi moja ya maana. Kaburi ni la simenti?"

"La udongo."

"Basi usiyalaze juu, yatanyauka kabla ya saa sita. Chimbia chupa mpaka shingoni, tia maji, uyasimamishe. Utakaa nayo wiki nzima."

Wiki nzima. Nabwire alirudi na ndoo kichwani, ana furaha asiyoionja siku nyingi. Tangu amzike mtoto yule hakuwahi kumpa kitu kilichodumu hata siku mbili.

Alimkuta Hezekiah uani akinoa panga. Akachukua chupa na jembe, akapenya kwenye miwa. Alipofika penye jiwe akapiga jembe mara moja, mara mbili. Nyuma yake majani yakavunjika.

"Mama Ayuma, acha."

"Nachimbia chupa tu, sifiki mbali."

Akainua jembe tena. Hezekiah akamshika mkono.

"Usijisumbue," alisema, na sauti haikuwa yake. "Hayuko hapo."

Ndipo yote yakamtoka. Trekta halikuzunguka kitu. Asubuhi ile alilibeba jiwe lisije likavunja plau, akaliweka barazani. Jioni alipolirudisha, ardhi yote ilikuwa imepinduliwa, mipera imekwenda, hakuna hata kisiki cha kupimia.

"Nilikisia," akasema. "Nilikisia tu, mke wangu."

Nabwire alimchukia pale pale, chuki iliyomkausha mate. Jumapili zote zile alikuwa akiombea udongo mtupu, na huyu mtu akimngoja nyumbani apakue chakula.

"Yuko wapi?"

Hezekiah akanyoosha mkono kuelekea kwenye miwa. Mkono ukasita, ukasogea kushoto, ukashuka.

Nabwire hakulia. Aliisogeza ndoo kivulini maua yasichomwe na jua, akamtoa mumewe panga mkononi, akaukata muwa wa kwanza chini kabisa.

"Haijakomaa," Hezekiah akasema. "Kampuni itatushtaki."

Muwa wa pili ukaanguka, na wa tatu. Alisimama akitazama mpaka mkewe akaumaliza mstari. Kisha akaenda nyumbani, akarudi na panga jingine, akaanza kukata kutoka upande wa pili kabisa wa kona ile, maana hata yeye hakujua.