Pini Ipo

Bwana Kutu hauzi vyuma, anavifuga. Yadi yake ina magari yaliyokufa kila aina ya kifo: yaliyobingirika, yaliyoungua, yaliyozama mtoni, na moja ambalo yeye mwenyewe anaapa lilikufa kwa aibu. Siku hiyo alinipeleka hadi kwenye giaboksi mbili zilizolala juu ya matairi, akafunua turubai kama mzazi anayeonyesha mapacha.

"Fundi Mdomo, chagua. Hii ya kulia ni nzima kabisa. Hii ya kushoto... nayo ina moyo mzuri."

"Moyo mzuri husifiwa mchumba asiye na sura."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshainama juu ya ile ya kushoto. Shafti yake ilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, na tope lilikuwa limekauka juu yake mpaka likapasuka. Lakini kati ya bodi na kifuniko, pale tope lilipobanduka, ilichungulia gasketi ya kijani, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje. Si ya dukani. Ilikatwa kwenye jalada la faili la shule, na ukingo wake ulikuwa na vishimo vidogo vidogo vya nyundo.

Katika dunia hii namjua mtu mmoja tu anayekata gasketi hivyo. Hulaza jalada juu ya chuma, akaligongagonga pembeni kwa nyundo ndogo hadi likajikata lenyewe. Mafaili yangu matatu ya kidato cha tatu aliyamaliza hivyohivyo. Nikawa naingia kipindi cha jiografia na karatasi mkononi kama karani aliyefukuzwa kazi.

"Hii ilitoka wapi?" niliuliza.

"Machimbo ya mawe, kule nyuma ya milima. Gari lilibingirika miezi minane iliyopita. Dereva alitoka anatukana, kwa hiyo ni mzima."

"Na fundi wao?"

"Kijana mmoja mrefu, maneno kwake ni kama dawa, mawili asubuhi, mawili jioni. Kwani wewe unataka giaboksi au unataka posa?"

"Nipakilie ya kushoto," nikasema.

Kijana huyo mrefu ni kaka yangu. Au alikuwa, kwa sababu pale gereji kwetu ana miaka mitatu hatajwi. Baba alipiga marufuku. Ikibidi kumtaja tunamruka, kama unavyoruka dimbwi: "Ile jeki aliyoinunua... ile jeki." Mama hajapigwa marufuku ya kufua, basi kila mwezi anafua ovaroli aliyoiacha kaka. Huwa inaning'inia kambani, safi kuliko ovaroli ya fundi yeyote aliye hai, ikipunga mikono kila upepo ukivuma.

Kisa chenyewe ni pini. Ndani ya giaboksi kuna pini fupi, haifiki urefu wa njiti ya kiberiti, na kazi yake ni moja tu: kuzuia gia mbili zisiingie kwa pamoja. Siku ile kaka alikuwa anafunga giaboksi ya gari la mwalimu mkuu wangu, na mimi nilikuwa naosha vipande kwenye karai la petroli. Nilikuwa nasimulia kichekesho. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu, akafunga kifuniko bila kuhesabu vipande, na mimi nikamwaga petroli chafu mtaroni. Kesho yake gari la mwalimu mkuu lilishika gia mbili katikati ya mlima, likaganda hapo kama sanamu, malori yanapiga honi nyuma yake.

Baba alimwambia kaka mbele ya wateja, "Wewe si fundi. Wewe ni mfungua nati."

Kaka alifuta mikono, kidole kwa kidole, akatundika spana yake mahali pake, akaondoka na begi. Baada ya mwezi mmoja nikaiona pini kwenye matope ya mtaro, inang'aa. Niliitia kwenye kikopo changu cha kalamu na sikumwambia mtu. Mimi, ambaye hata nikijikwaa nautangazia mtaa mzima. Na kichekesho chenyewe, niamini, sikikumbuki hata neno.

Baba alipoiona giaboksi alishika kiuno.

"Nilikutuma giaboksi, umeniletea maiti."

"Ina moyo mzuri, Baba."

"Mdomo, wewe siku moja utaolewa na Bwana Kutu kwa upumbavu tu."

Ilikuwa ya kuwekwa kwenye Kobe, gari letu la porini, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne na ambalo hutumika kwenda kuwanasua waliokwama. Tangu giaboksi yake ipasuke, Kobe alikuwa amekaa juu ya mawe, anaota majani. Baba hakuwa na nguvu ya kubishana zaidi. Pia macho yake ya karibu yamekwisha, na miwani ameikataa. Anasema fundi anayehitaji miwani anahitaji likizo. Anafanya kazi kwa vidole. Kwa hiyo gasketi ya kijani hakuiona, na mimi nikaliacha tope mahali pake.

Tulianza asubuhi. Baba alifungua boliti za kifuniko moja moja huku ameinamisha kichwa, kama daktari na kifua cha mgonjwa.

"Zote zimekazwa sawasawa," alisema. "Hakuna iliyonyongwa, hakuna iliyoachwa."

"Bahati."

"Boliti kumi na mbili, bahati? Aliyeifunga hii ana mkono." Akaing'oa ya mwisho. "Gari limebingirika, beringi zimekwisha, lakini aliyeifunga ana adabu. Watu wa namna hii hatuwaoni siku hizi. Siku hizi ni kufungua tu."

Nilijiuma ulimi. Nilikuwa na vichekesho sita tayari kinywani na vyote vilikuwa na jina la kaka.

Kifuniko kilibanduka. Baba alikigeuza, akafuta oili kwa tambara, akapitisha kidole gumba upande wa ndani kutafuta ufa. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Kuna maandishi," akasema. "Nisomee."

Yalikuwa yamekwaruzwa kwa ncha ya bisibisi, herufi kubwa, za mtu asiyependa kuandika. Sikuhitaji kumsomea, midomo ya Baba ilikuwa imeshayasoma. Lakini alisubiri, basi nikasoma.

"Pini ipo."

Nje gari lilipita, redio yake ikapita nayo. Baba aliingiza vidole viwili ndani ya giaboksi, kwenye tundu lake, bila kuangalia, akaitoa pini, akaishika kwenye mwanga ambao haukuweza kumsaidia. Ilikuwepo, imepakwa grisi.

Nadhani kaka alikuwa anaandika hivyo ndani ya kila giaboksi anayoifunga, kule nyuma ya milima, mahali ambapo Baba hangefika. Jibu la miaka mitatu, limefungwa kwa boliti kumi na mbili.

"Ulijua," Baba akasema.

"Niliona gasketi."

"Ndiyo maana ukaniletea maiti."

"Baba." Nilikwenda kwenye benchi, nikafungua kikopo changu cha kalamu, nikamwekea ile pini nyingine kiganjani. "Hii ni ya mwalimu mkuu. Niliimwaga mimi na petroli. Kaka hakuhesabu kwa sababu nilikuwa namchekesha."

Alizigusanisha pini mbili kwa kidole gumba, muda mrefu. Niliomba anigombeze. Nilikuwa tayari hata kwa "mfungua nati". Yeye akanirudishia ile ya mtaroni, akaenda bombani kunawa mikono, katikati ya kazi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Alinawa mpaka sabuni ikawa nyeupe.

Siku tatu hatukutaniana. Tuling'oa beringi zilizokufa, tukapasha mpya ndani ya oili kwenye sufuria ya Mama, tukazitelezesha kwenye shafti kabla hazijapoa. Ringi za shaba zinazolainisha kuingia kwa gia tulibadilisha mbili. Nyingine zilikuwa bado na makali. Kila kipande nilichokiosha Baba alikipokea na kukihesabu kwa sauti, na mimi nikawa naitikia. Mwisho akafika kwenye tundu dogo.

"Pini?"

"Ipo."

"Sema tena."

"Ipo, Baba."

Nilikata gasketi mwenyewe, kwenye faili langu la cheti cha kidato cha nne. Halikuwa na kazi nyingine.

Kuingiza giaboksi chini ya Kobe ni sawa na kumvalisha mtoto anayelia. Mara mbili ilikataa. Mara ya tatu Baba aliitikisa kidogo kwa bega, shafti ikapata klachi, ikaingia yote kwa mlio mmoja mtulivu, na sote wawili tukabaki chali, kwenye sakafu, tunaitazama.

Tulilijaribu gari saa nne asubuhi, barabara ya nyuma ya ghala, yenye mashimo na mlima mfupi. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu iliingia kama mkono mfukoni. Mlimani tukaunganisha magurudumu yote manne, Kobe akapanda bila hata kukohoa. Katika miaka yangu yote ya gereji sijasikia giaboksi iliyonyamaza vile.

Baba alisimamisha gari, akakunja uso.

"Kuna mlio."

"Wapi?"

"Kwenye ya tatu. Husikii?"

Nilisikiliza. Kulikuwa na injini, na kunguru.

"Huu mlio," akasema, akiangalia mbele, "mimi siuwezi. Inabidi auone aliyeifunga mwanzo."

"Machimboni ni kutwa nzima, Baba. Na milima yote ile."

"Kwani Kobe ana haraka?"

Tulirudi gereji kujaza mafuta. Mama alikuwa mlangoni. Sijui nani alimwambia, labda ni mikono ya Baba ilivyokuwa safi siku ile. Aliniwekea ovaroli magotini, imekunjwa, imepigwa pasi.

"Itakuwa inambana mabegani," alisema. "Mwambie ni mimi niliyesema aijaribu."

Baba aliwasha gari. Kisha akanyoosha kiganja bila kunitazama, nikajua anachotaka, nikamwekea ile pini ya mtaroni. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Tulitoka. Ya kwanza, ya pili. Kwenye njia panda hakupinda kuelekea ghala. Akaingiza ya tatu, taratibu, ikaingia kimya kabisa.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, Baba," nikasema. "Linalia vibaya sana. Usisimame."