Ushuhuda wa Shamba

Agneta alisifiwa Jumapili nne mfululizo mbele ya kanisa zima. Alikaa benchi la mbele la akina mama, kitambaa cheupe kichwani, macho chini, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu wapi! Mama wa watu alikuwa anakufa kwa aibu.

Mambo yalianza mwaka ule uliofuata mwaka wa nzige. Ghala lilikuwa tupu, basi mumewe Khaemba akatoka nyumbani kwao, ng'ambo kidogo ya soko la Kamukuywa, akaenda Kitale kuandikwa kazi kwa mzungu mwenye mashamba ya mahindi upande wa Kibomet. Hakumaliza miezi mitatu. Siku moja gari la ng'ombe lililobeba magunia ya kupeleka stesheni lilirudi nyuma kwenye mteremko, likamkanyaga mguu. Mtu aliyeleta habari alisema Khaemba yuko hospitali, mguu umevimba vibaya, daktari anataka kuukata ili asife, naye amekataa katakata. Amegeuzia watu mgongo, akasema. Hataki uji wala maombi.

Nyumbani Agneta alibaki na watoto watatu, mkubwa wao Wekesa, na shamba la wimbi, yaani ulezi. Wewe kama hujawahi kupalilia wimbi, shukuru. Wimbi ukiwa mchanga unafanana na magugu yake kama watu wa tumbo moja. Unachuchumaa, unang'oa kwa vidole, kutwa nzima unasogea hatua ishirini, na ukitazama nyuma magugu yameshaanza kurudi. Kwa Wabukusu kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja. Unaita majirani, wanakuja alfajiri, wanapalilia wakiimba, na wakimaliza wanakuta mtungi wa pombe uani, wanauzunguka na mirija yao mirefu mpaka jua linazama. Pasipo pombe watu hawaji. Si uchoyo, ndivyo kazi ilivyokuwa ikiitwa tangu zamani.

Lakini Agneta alikuwa Mkristo, tena si wa kuhesabiwa tu. Alifundisha darasa la akina mama kila Jumatano. Na Wakristo wa pale walikuwa wameahidi kwamba hawatapika pombe, hawatainywa, wala hawatamwitia mtu kazi kwa pombe. Aliwaomba wenzake wa kanisani wakaja sita. Walipalilia asubuhi moja, wakanywa uji, wakamwombea, wakarudi kwao, maana na wao walikuwa na magugu yao. Nani angewalaumu?

Hapa lazima nimtaje Edah. Edah alikuwa mjane, jirani yake Agneta, na miaka mitatu nyuma alipika pombe kwa sababu hiyo hiyo, apate watu wa kumlimia. Aliyekwenda mbio kumwambia Mwalimu Barasa, mkuu wa kanisa lile, alikuwa Agneta. Wala hakuona vibaya. Alisema anamwokoa dada yake. Edah akatolewa nje, na nje ilikuwa nje kweli: kila Jumapili alikaa chini ya upenu, akisikiliza mahubiri kupitia dirishani. Kila Jumapili Agneta akampita pale mlangoni, akamwamkia kwa ile sauti ya upole tunayowawekea wagonjwa, akaingia ndani kukaa mbele.

Basi maji yalipomfika shingoni, Agneta alikwenda kwa mama mkwe wake, Nekoye, ambaye hakuwa Mkristo na hakujisumbua kuwa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mtungi upo, na kuni zipo. Mikono iliyovundika unga ni ya Agneta. Mikono iliyoukaanga, ikasaga kimea, ikachuja, ni hiyo hiyo ya Jumatano. Siku tano alishinda nyuma ya kilima kwa mama mkwe, ili likija kuulizwa swali isemwe pombe ilikuwa ya Nekoye. Watu thelathini wakaja. Kufikia alasiri hapakuwa na gugu hata la dawa, na kunywa walinywea kwa bibi, mbali na macho ya Wakristo.

Siku ya tatu baada ya palizi Mwalimu Barasa alipita njiani, akaliona shamba, akasimama ameshika kofia mkononi. Hakumhukumu mtu, aliuliza tu limekuwaje hivi. Agneta akamjibu kwamba Mungu amesaidia. Hakuongeza neno. Hakuhitaji, kwa sababu Barasa aliyaongeza mwenyewe, tena machozi yakimlenga. Jumapili akasimama akatangaza kwamba kuna mama mmoja hapa, mume yuko taabani, magugu yamefika magotini, na bado alikataa pombe, na Mungu akamtumia watu. Habari ikazunguka vijiji, ikapanda mpaka Kitale na watu wanaokwenda kutafuta kazi. Kila alipotaka kusema kweli, Agneta aliona imeshachelewa. Jumapili ya kwanza ilikuwa na aibu ya siku tatu. Ya nne ilikuwa na aibu ya mwezi mzima, na nani ana mgongo wa kubeba hiyo?

Jumapili ya tano ikaja barua. Khaemba alikuwa ameliandikia kanisa, kwa mkono wa karani wa hospitali, na Mwalimu Barasa akaisoma kwa sauti.

"Ndugu zangu," Khaemba alisema, "nilikuwa nimekata tamaa. Nikasikia habari ya mke wangu, kwamba alikaa na magugu yake akimngoja Mungu, akakataa pombe. Nikaona haya. Nikasema, kama yeye mwanamke peke yake ameweza, mimi ni nani nishindwe kumwachia Mungu mguu mmoja? Wameukata Jumanne. Sasa naomba asubuhi na jioni."

Akina mama wakaanza wimbo. Agneta alijua akinyamaza leo, atanyamaza mpaka kaburini. Na akisema? Mumewe ameegemea ushuhuda ule kwa mguu uliobaki, na yeye Agneta ndiye atakayeuvuta. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Wimbo huo uacheni," alisema. "Nilipika pombe. Nilipika mimi, si mama mkwe. Watu walipalilia kwa ajili ya pombe, halafu nikamwambia Mwalimu ni Mungu. Na Edah yuko nje kwa sababu nilimsema mimi."

Mwalimu Barasa aliikunja barua polepole, akakaa chini, akaonekana mzee. Hakuwa mtu mbaya yule. Alisema tu kwamba wazee watakaa, na kwamba kwa sasa Mama Wekesa anajua utaratibu. Aliujua, kwani hakuwa ameufundisha yeye? Akambeba mtoto wake mdogo mgongoni, akapita katikati ya mabenchi, na hakuna aliyemtazama usoni. Watu aliowafundisha kusoma walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu.

Nje, Edah alikuwa amesikia yote. Hakumkumbatia, msidhani. Alisogea kidogo ukutani, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Miaka mitatu, Mama Wekesa," alisema. "Hata siku moja hukuniuliza kama tulikula."

Agneta akasema amekosa. Alitafuta neno lingine, hakuliona, akalirudia lile lile. Kanisani wakaomba bila wao, kisha Edah akauliza Baba Wekesa ataambiwa na nani. Agneta akasema ni lazima aende mwenyewe, kabla habari haijatangulia. Kesho yake asubuhi, alipofunga mlango baada ya kuwaacha watoto wakubwa kwa bibi, alimkuta Edah njiani na kibuyu cha maziwa. Alikuja kwa nini? Hata yeye hakueleza, ila alisema mtoto mgongoni ni mzito na Kitale si hapa.

Walilala njiani kwa watu wa ukoo, wakafika hospitali siku ya pili adhuhuri. Khaemba alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yake, yale ya zamani. Alipomwona mkewe alijiinua kwa viwiko, akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mmoja wa mlimani aitwaye Kimeli.

"Mzee, huyu ndiye niliyekwambia," alisema, akitabasamu. "Huyu ndiye mke wangu."

Yule mzee akanyoosha mikono yote miwili kumsalimia kwa heshima. Agneta alitazama mahali blanketi lilipolala bapa pasipo na mguu. Aibu ya kanisani ilikuwa nyepesi, kumbe. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote, hata siku tano za nyuma ya kilima, hata jinsi alivyomjibu Barasa. Hakujitetea kwa watoto wala kwa njaa. Edah alisimama mlangoni na mtoto.

Khaemba alijilaza tena. Alikaa akitazama dari, na ule uso uliokuwa umefunguka ukafunga. Mzee Kimeli akajifanya amelala.

"Basi mguu wangu niliutoa kwa ajili ya mtungi wa mama," alisema hatimaye.

Agneta alibaki pale pale magotini. Alingoja afukuzwe, na moyoni aliona angefukuzwa kwa haki.

"Kila asubuhi nilikuwa nikiomba, nakuona wewe," Khaemba akasema. "Leo asubuhi pia. Kesho nitamwona nani?"

"Sijui, Baba Wekesa."

"Na mguu hauna njia ya kurudi." Alipangusa uso kwa ncha ya blanketi. "Omba."

Agneta akamwambia amezuiwa kuomba mbele ya watu mpaka wazee wakae.

"Kanisa liko Kamukuywa. Hapa tuko sisi. Omba, lakini usimwambie Mungu jambo ambalo hukuniambia mimi."

Mwanamke yule aliyefundisha wenzake kuomba kila Jumatano, na maneno yake yote mazuri, aliinamisha kichwa na hakuyaona hata moja. Yalikuwa yameisha. Alilia kwanza. Kisha akashika ukingo wa kitanda, akasema alichokuwa nacho.

"Bwana, niliwapa pombe. Nikasema ni wewe. Edah alikaa nje kwa sababu yangu. Baba Wekesa amekatwa mguu. Hatuna kingine cha kukuambia. Usituache."

"Amina," Edah alisema pale mlangoni.

Khaemba alikawia. Alikawia mpaka Agneta akafikiri hataitikia kabisa, na akaona hata hilo atalikubali. Mzee Kimeli alifungua jicho moja, akalifunga. Ndipo Khaemba akanyoosha mkono bila kugeuza uso, akaupapasa ukingo wa kitanda mpaka akaufikia mkono wa mkewe.

"Amina," alisema. "Rudia tena, polepole. Hayo naweza kuyaomba na mimi."